Fundi anajibu: Gari ya kubonyeza na mwizi asiyevunja kioo

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kitu kimoja, gari zisizochomekwa funguo, zile unaingia rimoti iko mfukoni unakanyaga breki unabonyeza batani inawaka. Nimechagua machache maana mengi yalikuwa yanajirudia, na walioniuliza bei za vifaa naomba mnisamehe, kila duka lina bei yake na mimi siuzi kitu.

*Fundi habari za kazi. Nina Harrier ya kubonyeza, naishi Njiro. Jirani anasema siku hizi wezi wana mashine wanasimama nayo nje ya nyumba wanaiwasha gari wakati funguo yako iko ndani imening'inia kwenye msumari. Mke wangu anasema hizo ni stori za vijiweni. Nani yuko sahihi?*
Baba Wawili, Njiro, Arusha

Kaka, jirani yuko sahihi, ila shemeji naye usimcheke maana ukiisikia mara ya kwanza inafanana kabisa na uchawi.

Iko hivi. Ukigusa kitasa gari inatoa wimbi dogo sana, linafika kama mita moja, moja na nusu, kazi yake ni kuuliza kama mwenyewe yupo. Rimoti yako ikilisikia inaamka inajibu kwa wimbi lingine ambalo linaenda mbali zaidi, gari ikipokea jibu inafungua. Ulinzi wote umejengwa juu ya imani moja tu, kwamba kama rimoti imesikia basi iko karibu. Wezi wanachofanya wanakuja wawili, mmoja anasimama na kifaa chake karibu na gari, mwingine anatembeza antena yake kwenye ukuta wa nyumba au karibu na mlango, sauti ya gari inapokelewa huku inasukumwa mpaka kule, rimoti iliyoko msumarini inadhani gari iko hapo hapo inajibu, na gari inaamini wewe umefika. Hakuna namba ya siri iliyovunjwa, hakuna waya uliokatwa, ndo maana alamu inakaa kimya. Ukuta wa tofali hausaidii, wimbi linapita.

Na sio kitu kipya. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH Zurich kule Uswisi walijaribu gari za aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8, zote zikafunguka na kuwaka kwa njia hii. Alafu ikishawaka haizimi hata rimoti ikiwa mbali, itapiga kelele kwenye dashibodi kwamba funguo haionekani lakini itaendelea kutembea, imetengenezwa hivyo makusudi maana fikiria rimoti iishe betri uko katikati ya mteremko, gari ikate, si utakufa. Kwahiyo mwizi akishaiwasha anaondoka nayo mpaka aamue kuzima mwenyewe.

Sasa kabla hujakosa usingizi niseme kitu ambacho jirani hajakwambia. Kule Uingereza wizi huu umeshamiri kwa sababu gari nyingi zinalala mbele ya nyumba, wazi, hakuna geti, akishaiwasha ni kuondoka tu. Wewe wa Njiro una ukuta na geti, na hakuna mawimbi yanayofungua kufuli la geti. Likiwa geti la kusukuma na kijana wa getini kalala, hapo sawa, lakini geti lenye kufuli zuri kwa ndani ni kikwazo kikubwa kuliko vifaa vingi utakavyouziwa. Mimi hofu yangu kwa watu wa Arusha sio usiku, ni jumamosi mchana umekaa unakula nyama choma, gari iko pakingi, rimoti iko mfuko wa suruali, na meza ya nyuma kuna mtu ana begi kaliweka chini karibu na kiti chako. Hapo hakuna geti wala mbwa. Kanisani hivyo hivyo, harusini ndo usiseme.

La kufanya, la bure kwanza. Toa rimoti kwenye msumari wa mlangoni ipeleke ndani kabisa. Alafu izimishe. Rimoti nyingi za Toyota zina hali ya kulala ya kutunza betri: shikilia batani ya kufunga, huku umeishikilia bonyeza ya kufungua mara mbili, kale kataa kadogo ka kwenye rimoti katawaka mara nne, hapo haisikii tena gari ikiita mpaka ubonyeze batani yoyote. Kama hakajawaka hivyo basi ya kwako haina, usilazimishe. Jaribu kwa kwenda kwenye gari na rimoti mfukoni uvute kitasa, kisipofungua umefanikiwa. Baada ya hapo ukiwa na hela nunua kufuli la chuma la usukani, lile refu la zamani ambalo watu wanaliona la kishamba. Mwenye mashine ya mawimbi hajajiandaa kukata chuma.

*Fundi, mimi nimesoma mahali kwamba niweke funguo kwenye friji, mwingine kasema maikrowevu, mwingine kopo la biskuti. Naomba ukweli maana mume wangu ameshaniona sina akili.*
Mama Mdogo, Rau, Moshi

Dada, wazo lenyewe ni sahihi, rimoti ikizungushiwa chuma pande zote mawimbi hayapiti. Ila friji hapana, lina mpira kuzunguka mlango na plastiki nyingi, mawimbi yanapenya, na baridi na unyevu vinaua betri na saketi. Maikrowevu usithubutu, siku moja mtoto atapasha chai. Kopo la biskuti la bati lenye mfuniko unaobana linaweza kufanya kazi, foili ya jikoni nayo ukiifunga mara mbili tatu bila kuacha tundu, shida yake inachanika baada ya wiki na wewe hujui.

Kuna vipochi vya kazi hiyo vyenye kitambaa cha chuma ndani, ni vizuri kwa sababu unatembea nacho mpaka sokoni. Lakini vingine ni ngozi tu na maneno matamu. Kipimo ni kimoja kwa vyote, weka rimoti ndani, funga, simama mlangoni kwa gari, vuta kitasa. Ikifunguka rudisha dukani. Na rudia kupima kila baada ya miezi maana kitambaa kinakatikia kwenye mkunjo. Usisahau rimoti ya akiba, watu wanaificha ya kwanza kwenye kopo ya pili iko kwenye droo ya sebuleni inaongea na dunia nzima.

*Oya fundi, nimevuta Crown Athlete kwa mtu, imekuja na funguo moja. Nataka nichongeshe ya pili, kuna chalii anafanya kwa bei poa anataka nimwachie gari na funguo mpaka jioni. Vipi?*
Chalii wa Sakina

Chalii wangu, usimwachie.

Ngoja nieleze maana hili naliona ndo tundu kubwa kuliko mashine zote. Kuchongesha smatikii, yaani hiyo rimoti ya gari ya kubonyeza, sio kuchonga chuma, ni kuichomeka mashine kwenye ile soketi iliyoko chini ya dashibodi upande wa dereva na kuiambia kompyuta ya gari iandikishe funguo mpya. Ni kazi fupi. Mtu akikaa na gari na funguo siku nzima anaweza kuandikisha mbili, moja akakupa na moja akabaki nayo, na wewe utalala usingizi mzuri kabisa. Miezi sita baadaye gari inaondoka mchana kweupe, alamu haijalia, mlinzi kaona mtu kafungua vizuri kabisa kaingia kaondoka akajua ni shemeji yako. Watu wataapa ni mashine ya mawimbi kumbe ni funguo halali.

Kwahiyo mpango wako uwe huu, tafuta fundi ambaye gereji yake inajulikana iko wapi, kaa pale pale mpaka amalize hata kama ni Unga Limited na jua linakuchoma. Mwambie kabla hajaanza akuonyeshe kwenye mashine zimeandikishwa funguo ngapi. Ulipewa moja, ikisoma mbili au tatu ujue mwenye gari wa zamani, au dalali, au mtu yeyote aliyepita hapo katikati anaweza kuwa nayo. Mwambie afute zote alafu aandikishe za kwako tu zilizopo mkononi. Akimaliza asome tena namba mbele yako.

Hiyo inahusu kila aliyenunua gari mkononi mwa mtu. Na kwa waosha magari acha tabia ya kutupa funguo mezani ukaenda kunywa supu. Sisemi ni wezi, nasema funguo yako inakaa na watu usiowajua majina.

*Kijana wangu, mimi ni mstaafu, niko Marangu. Wanangu wanakuja Krismasi na magari yao na huku kwetu mpaka wa Kenya uko karibu. Wananiambia watafunga GPS na haina haja ya kitu kingine. Unasemaje?*
Babu wa Marangu

Shikamoo mzee wangu. Wanao wamesema nusu. GPS haizuii gari kuibiwa, inakwambia imeenda wapi ikishaibiwa, na kwenu pale mtu akishuka Himo akakunja kuelekea mpakani Holili hajachukua muda, au apande Rombo mpaka Tarakea, kwahiyo ukiamka asubuhi kuangalia simu umeshachelewa. Pia kile kifaa kinategemea mtandao wa simu na mawimbi ya setilaiti, na kuna vifaa vya kuviziba vyote viwili. Kina faida, tena kubwa, lakini kifungwe mahali ambapo sio chini ya dashibodi kila mtu anapoangalia kwanza, kiwe kimewekwa kutoa taarifa gari ikitikisika au ikiwashwa usiku, na laini yake isiachwe bila salio. Hilo la salio mzee waulize wanao vizuri.

Mimi kwa gari inayolala nje kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, magari sita yamepangana chini ya migomba na hakuna geti, ningeongeza swichi ya siri kwenye pampu ya mafuta. Ni kitu cha zamani sana na wezi wa mawimbi hakiwapendezi, gari itafunguka, itawaka sekunde chache, itazima, na hawajui kwa nini. Afunge fundi umeme anayejua kutumia rilei na fyuzi, sio wa kukata waya na kuzungushia selotepu, hapo utakuwa umezuia mwizi ukaleta moto.

Na bima mzee. Ile ndogo ya thadi pati hailipi gari yako ikiibiwa, inalipa uliyemgonga. Ni bima kubwa ndo ina wizi, na wakati wa kudai watataka ripoti ya polisi, kadi ya gari na mara nyingi funguo zote, kwahiyo ya pili isipotee.

*Nilifunga gari kwa rimoti pale soko la Mbuyuni, narudi milango iko wazi laptopu hakuna, hakuna kilichovunjwa. Ni hiyo mashine?*
Msomaji, Moshi

Pole sana. Inawezekana ni rahisi zaidi, mtu alikuwa karibu na kifaa kinachovuruga mawimbi ulipobonyeza, gari haikusikia, wewe ulishageuka unaenda. Subiri taa ziwake na vioo vijikunje, alafu vuta kitasa. Kama gari inafungua kwa kugusa, mpe mtu rimoti asimame nayo mbali kidogo alafu uvute, la sivyo itakufungulia kwa sababu unayo mfukoni. Na laptopu iende na wewe.

*Tuna RAV4 ya ofisi, toleo jipya. Juzi dereva kakuta bampa ya mbele imevutwa na taa ya kushoto inacheza. Walitaka kuiba taa?*
Mfanyakazi wa kampuni ya utalii, Arusha

Kwa hapa mjini ningesema ndio, taa, saidi mira na pawa windo ndo biashara yao. Ila kwa gari hiyo usiishie hapo. Mwaka 2022 London mtafiti mmoja wa usalama wa mitandao, Ian Tabor, aliharibiwa RAV4 yake hivyo hivyo, bampa na taa, zaidi ya mara moja, kisha ikaondoka. Yeye na mwenzake Ken Tindell wakachunguza, na Aprili 2023 Tindell akatoa maelezo: nyaya za taa zimeungana na mtandao wa mawasiliano wa gari nzima, mwizi anachomeka kifaa pale kwenye taa, kinaiambia gari kwamba funguo imeshathibitishwa. Kifaa walichokichunguza kilikuwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya bluetuthi. Hapo kopo la biskuti halina kazi maana rimoti haijahusika kabisa.

Kwahiyo leo leo mpeleke fundi afungue aangalie kama plagi ya taa imechomolewa au nyaya zimekwanguliwa, ofisi ifunge swichi ya siri na kufuli la usukani, na gari ilale na pua imeelekea ukutani kabisa, karibu kiasi kwamba mtu hawezi kupenyeza mkono kwenye bampa. Dereva akilalamika kwamba asubuhi anatoka kinyumenyume, avumilie.