Wadogo zangu wa fildi, kabla hamjabonyeza "Tuma"

Jumatatu kijana wetu mmoja wa fildi aliandika barua pepe kuomba kotesheni za karatasi na wino kwa wauzaji saba. Anwani zote saba akazipanga kwenye "Kwa". Kila muuzaji akawaona washindani wake, kisha mmoja akabonyeza "Jibu wote", na bei yake ikawafikia wale sita. Zoezi zima tukalianza upya. Sikumgombeza. Ila kila Julai mnakuja wapya na kosa linabaki lile lile, nimechoka kulieleza mezani kwa mmoja mmoja.

1. Mada. "Habari" si mada. "Ombi la kotesheni: karatasi A4, mwisho Ijumaa saa sita mchana" ndiyo mada.

2. Salamu. Mwaka juzi binti mmoja alimwandikia mzee wetu wa masijala: "Naomba faili la mkataba wa ulinzi." Basi, hakuna zaidi. Siku mbili kimya. Nikamwambia ateremke mwenyewe. Akafika, akatoa shikamoo, akauliza habari za nyumbani, na faili akalipata kabla chai haijapoa. Mzee hakuwa na kinyongo. Alidhani ujumbe ule umetumwa na mashine. "Habari za kazi, mzee wangu" ni maneno matano tu, yaandike.

3. Kiambatisho. Kifungue kabla ya kutuma. Hapa nivumilieni.

Mwaka 2012 nilikuwa na miezi minne katika ofisi ya utumishi ya kampuni moja Dar es Salaam. Ijumaa, saa kumi na nusu, natakiwa kutuma ratiba ya likizo kwa wafanyakazi wote 83. Kwenye folda kulikuwa na "Wafanyakazi Desemba" na "Wafanyakazi Desemba 2". Majina yote mawili niliyatunga mimi. Nikaambatisha la pili, nikatuma, nikaanza kufunga mkoba niwahi daladala. Simu ya mezani ikalia: "Dada, umetutumia nini?"

Nilikuwa nimetuma orodha ya mishahara, pamoja na makato yote.

Nikajaribu kuurudisha ujumbe kwa Outlook. Waliokwisha kuusoma wakabaki nao, na baadhi ya wengine wakapata taarifa kwamba nataka kuurudisha, kwa hiyo hata ambao wasingeufungua wakaufungua. Makarani wawili waliokaa meza moja kwa miaka sita wakajua kwamba mmoja anamzidi mwenzake shilingi 180,000. Jumatatu yake walikula mbalimbali, na sikuwaona tena wakila pamoja mpaka naondoka pale.

Kilichoniumiza zaidi ni dereva wetu. Makato yake yalionyesha mikopo mitatu. Nilimfuata kwenye maegesho nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu." Nikaomba radhi. Akakaa kimya, akifuta kioo ambacho kilikuwa safi tayari, kisha akasema, "Mama watoto alikuwa hajui. Shemeji yangu yuko hapa stoo, amemwambia jana." Hakuongeza neno. Barua ya onyo niliyopewa niliisaini bila kuisoma vizuri. Nilikuwa bado namwona na kile kitambaa chake.

Wakati ule hatukuwa na sheria mahususi ya jambo hili. Leo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo msidhani mambo haya yanaishia kwenye barua ya onyo. Lakini hata isingekuwepo, mshahara wa mtu ni siri ya nyumba yake.

4. Majina ya mafaili. Andika kilichomo na tarehe. "Mpya mwisho kabisa 2" likome.

5. Anwani ijaze mwisho, baada ya kusoma ulichoandika. Wapokeaji wengi wasiojuana waingie kwenye nakala ya siri (Bcc), ambako hawaonani.

6. Faili likizidi MB 25, Gmail hailibebi kama kiambatisho. Litageuzwa kiungo cha Drive. Hapo angalia kwanza nani ameruhusiwa kulifungua.

7. Gmail hukupa sekunde 5 za kutengua ulichotuma, na kwenye mipangilio unaweza kuzifikisha 30. Kesho, kabla ya chai ya saa nne, kila mmoja apite mezani kwangu na kompyuta yake tuibadilishe. Na yule kijana wa kotesheni aanze.