Nimpe dawa gani ya kumbukumbu kabla ya mtihani?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 16 na mitihani yake ya mwisho imebakiza wiki tano. Anakesha na vitabu mpaka saa nane usiku, lakini nikimuuliza alichosoma juzi, hakumbuki. Jirani amenishauri nimnunulie vidonge vya kuongeza kumbukumbu, pamoja na vinywaji vya kuongeza nguvu ili asisinzie. Nimpe kiasi gani kwa siku?

JIBU: Usimpe hata kimoja, mama. Swali hili huletwa kwangu kila msimu wa mitihani, na mara nyingi mzazi ameshaamua kununua; kwangu anatafuta kipimo tu. Hakuna kidonge kinachomfanya kijana mwenye afya njema akumbuke asichokumbuka.

Shida ya binti yako iko kwenye hiyo saa nane ya usiku. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi, amelala kwa muda wa saa 4 tu. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walikubaliana kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku. Wazazi wengi hudhani usingizi ni muda wa masomo unaoibwa, na dhana hii inaniudhi kuliko zote, maana ni kinyume kabisa. Mtu akilala, ubongo wake unayapanga na kuyakaza yale aliyoyasoma mchana. Anayekesha anaingiza mambo kichwani, kisha anaukosa ule muda ambao yangekaa. Mwanao si mvivu wala si mzito wa kuelewa. Amechoka.

Vile vinywaji vitaongeza tatizo. Kafeini, kichangamshi kilichomo ndani yake, hukawia mwilini: baada ya saa 5 hivi, karibu nusu yake bado ipo. Akinywa saa mbili usiku, saa saba bado inamfukuzia usingizi, na kesho ataamka mchovu akitafuta kopo jingine. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishasema mwaka 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi katika lishe ya watoto na vijana.

Unalotaka kumsaidia, msaidie mchana na jioni. Nakisia anasoma kwa kurudia kurasa zilezile na kuzipaka rangi. Njia hiyo humpa mtu hisia kwamba ameelewa. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliofunga maandishi wakajipima. Baada ya dakika 5, waliorudia walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Basi chukua daftari lake umuulize maswali, hata kama somo lenyewe hulijui. Mwambie afunge kitabu, akueleze, kisha afungue ajisahihishe. Somo hilohilo lirudiwe baada ya siku mbili tatu. Saa nne usiku, taa izimwe na simu itoke chumbani.

Sasa nije kwa wauzaji wa vidonge hivyo, kwa sababu hawakulengi wewe peke yako. Vingi vya vidonge vyao ni vitamini za kawaida ndani ya kiboksi chenye picha ya ubongo, na vitamini humsaidia aliyepungukiwa nazo tu. Hivyo vinakula pesa. Vinavyonitisha ni vile vilivyotengenezwa kwa dawa halisi za hospitali, ambazo huandikiwa watu wenye tatizo la kutotulia na kushindwa kuzingatia, chini ya uangalizi wa daktari. Mikononi mwa kijana asiyezihitaji, hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, huua hamu ya kula, hufukuza usingizi, na zinaweza kumfanya mtegemezi. Mzazi anamwona mtoto yuko macho usiku kucha na anafurahi kwamba dawa inafanya kazi. Kuwa macho hakumfanyi aelewe. Anayekuuzia dawa ya mtoto bila kuuliza umri wake, uzito wake, wala kama ana ugonjwa wa moyo, hana habari na afya ya mtoto huyo, hata akivaa koti jeupe.

Na nyinyi mlioshawapa watoto vidonge hivi, msiongeze kingine. Mtoto akianza kutetemeka, akalalamika moyo unakwenda mbio au kifua kinauma, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, mkibeba na pakiti ya vidonge, na msimfiche daktari alichomeza.