Kuchagua Kanuni za Kuunda Wahusika katika Kampeni ya Mtindo wa Zamani

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wa kubuni na dadu huamua yatakayompata, kampeni ni mfululizo wa vikao vya kisa kimoja, na refa ni yule anayesimulia na kuamua. Kampeni ya kwanza niliyoisimamia kama refa ilidumu Jumapili tatu tu, na ninaamini iliharibika kabla hatujaingia pangoni. Tulikuwa watu saba sebuleni mwangu mtaani Migosi, hapa Kisumu, tukiwa na birika la chai, sahani ya mandazi na dadu tulizozitoa katika boksi la ludo. Jumapili ya kwanza yote ilikwisha tukiunda wahusika, kwa sababu nilikuwa nimemwagiza kila mchezaji aandike historia ya mhusika wake kwa kurasa mbili, apange sifa zake, yaani namba zinazopima nguvu, akili na mengineyo, apendavyo na anunue vifaa kimoja kimoja kutoka kwenye orodha. Jumapili ya pili, mchawi wa mpwa wangu, ambaye tayari alikuwa na ukoo, kisasi cha baba yake na ramani ya kijiji alikozaliwa, alipigwa mshale na goblini, zimwi dogo la pangoni, katika chumba cha kwanza akafa papo hapo. Mpwa wangu aliitazama karatasi yake kwa muda, kisha akaniuliza, "Sasa mjomba, niandike kurasa nyingine mbili?" Sikuwa na jibu la maana. Jumapili ya tatu alikuwa na udhuru, na wenzake wawili pia walikuwa nao.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza leo atumie kanuni zipi za kuunda wahusika, humuuliza kwanza wahusika hao wanatarajiwa kufa mara ngapi. Michezo ya mtindo wa zamani, yaani Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 iliyotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, pamoja na matoleo yaliyoifuata kwa karibu, huua upesi. Katika toleo la mwaka 1981, ambalo ndilo tunalolicheza, mchawi wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza tu, hupata alama zake za uhai kwa kurusha dadu moja ya pande nne, mpiganaji hurusha ya pande nane, na alama zikifika sifuri mhusika amekufa. Pigo la kawaida hupimwa kwa dadu ya pande sita. Ukikokotoa, utaona kwamba pigo moja tu likimpata mchawi asiye na nyongeza yoyote ya siha litamuua mara tatu kati ya nne, na mpiganaji wa namna hiyo litamuua takriban mara 44 kati ya 100. Mtu wa aina hiyo hastahili kuundwa kwa saa tatu. Anastahili dakika kumi, ili mwenye kufiwa arudi mchezoni wenzake wakiwa bado wanabishana juu ya nani atauchukua upanga wa marehemu.

Nasi hatuna muda wa kuchezea. Mchezaji wetu mmoja hutoka Ahero na hulazimika kuwahi matatu kabla giza halijaingia, kwa hiyo kikao chetu huanza saa nane na kufungwa saa kumi na moja, upende usipende.

Kosa langu la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kulitambua, na ndilo ninaloliona likirudiwa mara nyingi. Nilichukua njia ya kurusha dadu kutoka kitabu kimoja na jedwali la nyongeza, yaani la faida ambazo sifa kubwa humpa mhusika, kutoka kitabu kingine. Njia niliyoipenda ni ile inayotangulia nyingine katika mwongozo wa refa wa mwaka 1979: unarusha dadu nne, unaiondoa iliyo ndogo kuliko zote, unajumlisha tatu zilizobaki, kisha unazipanga namba zako sita katika sifa unazozitaka. Njia hiyo ilikuwa na sababu yake. Katika mchezo ule wa 1978 na 1979, uitwao Advanced Dungeons & Dragons, sifa nyingi hazikupi faida ya maana mpaka ufike 15 au zaidi, na kitabu cha wachezaji chenyewe kinasema kwamba mhusika, ili aishi, kwa kawaida huhitaji angalau sifa mbili za kiwango hicho. Kwa dadu nne, uwezekano wa kupata 15 au zaidi katika sifa moja ni takriban asilimia 23, ilhali kwa dadu tatu haufiki asilimia 10.

Jedwali la 1981 ni tofauti kabisa, kwani hapo 13 tayari inakupa nyongeza ya 1, 16 inakupa 2, na 18 inakupa 3. Limepimwa kwa dadu tatu, ambazo hutoa 13 au zaidi takriban mara 26 kati ya 100. Hebu zilinganishe asilimia hizo mbili, 23 na 26, uone jinsi kila kitabu kilivyokuwa kimejipima chenyewe bila kumtegemea mwenzake. Mimi nilipozichanganya, karibu nusu ya sifa zote mezani zilipata nyongeza, kila mtu akawa shujaa katika jambo lake, na bado wote waliendelea kufa kwa sababu alama za uhai hazikuwa zimeongezeka kwa kiasi kile. Tulipata mashujaa waliokufa kama kuku, jambo ambalo ni baya kuliko kuwa na watu wa kawaida wanaokufa hivyo. Basi chagua jedwali kwanza, kisha tumia njia ya kurusha iliyozaliwa pamoja nalo.

Sasa tunarusha dadu tatu kwa mfuatano, sifa kwa sifa: Nguvu, Akili, Hekima, Wepesi, Siha na Haiba, na namba hubaki pale ilipoangukia. Najua upinzani utakaokuja, kwa kuwa niliusikia sebuleni mwangu. Yule mwenzetu wa Ahero ni mtu wa Kano, na alikuja akiwa na nia ya kuwa Luanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Wajaluo ambaye mkuki haukuupenya mwili wake. Dadu zikampa Nguvu 8 na Haiba 15. Alisema kwa uchungu kwamba kanuni zangu zilikuwa zimempa mtu wa kumbebea Luanda Magere ngao. Nilimjibu kwamba hata Luanda mwenyewe aliuawa kupitia kivuli chake, jibu ambalo halikumfariji hata kidogo, lakini alikubali kujaribu.

Haiba ile ndiyo iliyonifundisha thamani ya mfuatano. Katika kampeni yangu ya kwanza, wachezaji watano kati ya sita waliitupia Haiba namba yao ndogo kuliko zote, kwa kuwa walidhani ni sifa ya urembo tu. Ukimruhusu mtu apange mwenyewe, atafanya hivyo karibu kila mara, na utapata kundi zima la watu mahiri wasiopendeka. Ilhali katika kanuni za 1981 Haiba ndiyo inayosaidia kuamua mgeni mnayekutana naye gizani atawapokeaje, na ndiyo inayoweka idadi ya wasaidizi ambao mhusika anaweza kuwaajiri: mwenye Haiba ya kawaida, yaani 9 hadi 12, huweza kuwa na wanne, mwenye 13 hadi 15 watano, na mwenye 3 ni mmoja pekee. Mtu wetu wa Ahero alishuka pangoni akiwa na wasaidizi watano walioshika mienge na mikuki. Alipouawa katika kikao cha tatu, hakuunda mhusika mpya hata kidogo. Alimchukua mmoja wa wasaidizi wale akaendelea naye, na kundi halikusimama kumsubiri.

Hata hivyo dadu tatu kwa mfuatano huweza kuumiza, na si vyema refa akajifanya haoni. Kwa sifa sita, uwezekano wa kutopata hata 13 moja ni takriban mmoja kati ya sita, kwa hiyo katika meza ya wachezaji sita mtarajie mmoja wa namna hiyo kila mnapoanza. Huyo simhurumii sana, maana namba kati ya 9 na 12 hazimpunguzii chochote, na upanga wake unakata sawasawa na wa wengine. Ninayemhurumia ni yule aliyeangukia shimoni. Kitabu cha 1981 kinampa refa ruhusa ya kumwacha mchezaji aanze upya iwapo sifa zake zote ziko chini ya wastani, au iwapo zaidi ya moja iko kati ya 3 na 6. Kanuni hiyo naitumia bila kusita, na hutangazwa kabla ya dadu kurushwa, si baada ya uso wa mtu kukunjamana. Kitabu hicho pia kinaruhusu kupunguza alama mbili katika Nguvu, Akili au Hekima, bila kushuka chini ya 9, ili kuongeza alama moja katika sifa kuu ya fani uliyoichagua, yaani kazi ya mhusika kama upiganaji, uchawi au wizi. Juu ya hayo nimeongeza ruhusa moja ya kwangu, nayo ni kubadilishana namba mbili mara moja tu. Anayetaka sana kuwa mchawi huweza kuwa mchawi, lakini namba nne zilizobaki bado humshangaza.

Kuna wanaopendekeza kundi zima lirushe namba sita kwa pamoja, kila mtu azitumie hizohizo kwa mpango wake, ili pasiwe na wivu. Tulijaribu. Wivu uliisha kweli, na Haiba ikarudi kuwa jalala.

Tulijaribu pia ile njia iliyopewa umaarufu na mchezo mwingine wa aina hii, Dungeon Crawl Classics, mwaka 2012, ambapo kila mchezaji huanza na wanakijiji kadhaa wasio na fani, wanaingizwa hatarini, na anayetoka hai ndiye anayekuwa mhusika wa ngazi ya kwanza. Kwa alasiri moja ni burudani ambayo sijaona mfano wake. Kwa meza ya watu sita, hata hivyo, nilijikuta nikiendesha watu 18 katika kila zamu, chai ikapoa, na tukavuka vyumba vitatu tu. Ningeipendekeza kwa meza ya wachezaji watatu au wanne.

Kuhusu alama za uhai nimelegeza: katika ngazi ya kwanza, anayepata 1 au 2 hurusha tena. Sikutaka kuwapa wote kiwango cha juu kabisa, kwa sababu mpiganaji mwenye alama 8 hawezi kuuawa kwa pigo moja la dadu ya pande sita, na wachezaji wangu walianza kulihesabu hilo kama bima.

Dadu zenyewe zisikuzuie. Kuunda sifa kunahitaji dadu za pande sita pekee, ambazo kila boksi la ludo linazo, na hata zile za pande nyingine huweza kubadilishwa kwa vifuniko vya soda vilivyoandikwa namba na kutiwa katika mfuko. Mwaka 1979, dadu zilipoadimika, waliouza mchezo huu Marekani nao walitia ndani ya boksi vipande vya karatasi vyenye namba. Vifaa vya kuanzia nimevipanga katika mafungu matatu yaliyoandikwa tayari. Mchezaji huchagua moja kisha huongeza silaha.

Zile kurasa mbili za historia sijazifuta, ila nimeziahirisha mpaka mhusika afike ngazi ya tatu. Mwizi wa mpwa wangu, mwenye Wepesi 12 na Siha 7, amebakisha alama 310 za uzoefu kufika 2,400 zinazompandisha mwizi ngazi hiyo, na nimemwona akinunua daftari.