Kilo 12 Zangu Zimeishia Sebuleni

"Shikamoo dada. Mimi msomaji wako wa Mbagala. Ile picha ya harusi ya wifi yako nimeiangalia mara tatu. Umetumia dawa gani? Usininyime."

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako umeingia Jumapili usiku, na si wa kwanza. Tangu niweke ile picha wote wananiuliza dawa, hakuna anayeuliza jasho. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili nikaona haitatosha, basi kaa nikusimulie.

Dawa yangu ni gemu. Gemu kabisa, ya kuchomeka kwenye TV.

Miaka miwili iliyopita tulipewa vitenge vya sare ya harusi nyingine. Nikapeleka changu kwa fundi wangu hapa Tabata, anashonea kibarazani, na siku hiyo wateja wanne walikuwa kwenye benchi wakisubiri zamu. Akanizungusha tepu kiunoni, akaitazama, akanizungusha tena. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayenadi nyanya: "Mama, hiki hakitoshi, ongeza kitambaa." Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, tena wa kwanza, maana sisi wanene tumejifunza kuwahi kucheka ili isionekane imetuuma. Nilifika nyumbani nikasema leo silali na chakula tumboni. Saa nne usiku nikamtuma mtoto chipsi mayai.

Nikaenda jimu. Siitaji jina. Nililipa shilingi 80,000 za mwezi mzima kwa mkupuo, kiherehere cha mgeni. Siku ya tatu niko kwenye mashine ya kukimbilia, kijana mmoja akatoa simu akanirekodi, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mwalimu wa mazoezi mwenyewe. Siku 27 zilizobaki niliwaachia. Mpaka leo daladala likipita pale nageuza uso upande wa pili.

Wakaniambia jiunge na klabu ya jogging. Nawapenda sana wale, Jumamosi alfajiri wanapita mtaani wakiimba mpaka usingizi unakuwa mtamu zaidi. Shida ni moja: njia yao inapita mbele ya fundi.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu, anauza simu na vikorokoro Kariakoo. Alikuja na boksi: Wii iliyotumika, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, toleo la Marekani, pamoja na ubao wake mweupe wa kukanyaga na diski ya Wii Fit, gemu yake ya mazoezi. Kitu cha zamani. Wii yenyewe ilitoka mwaka 2006, na Wii Fit ikaanzia Japani mwaka 2007. Watoto wa jirani wanaoshinda kwenye banda la gemu waliniona mshamba. Sawa.

Jioni ile ile baba watoto akaichomeka ukutani. Pu! Harufu ya plastiki, kisha kimya. Adapta za Wii za Marekani ni za volti 120, na huku kwetu ukutani kuna 230. Kwa bahati kilichokufa kilikuwa adapta peke yake. Tukatafuta adapta ya toleo la Ulaya, ambayo inakubali umeme wetu na kutoa volti 12 zile zile kwa mashine, na kitu kikawaka. Mashahidi wa somo hili ni pua zangu, kwa hiyo soma kile kibandiko cha nyuma ya adapta kabla hujatoa hela. Na ukinunua diski, hakikisha ni ya nchi moja na mashine, maana diski ya Japani kwenye Wii ya Marekani haichezi.

Likaja la pili. Kile kijiti kinachokaa juu ya TV hakikuwemo kwenye boksi, na bila hicho rimoti haijui inaelekea wapi. Mpwa wangu akawasha mishumaa miwili, akaipanga mbele ya TV kushoto na kulia, na mshale ukatokea kwenye skrini! Nilidhani ni uganga. Kumbe kijiti hakina akili yoyote, ni taa tu za mwanga usioonekana, na rimoti ndiyo yenye jicho linalotafuta nukta mbili za mwanga huo. Mshumaa unautoa pia. Wiki mbili nzima nilifanya mazoezi kama niko kwenye mkesha. Wewe usijaribu, una mapazia.

Sasa kupanda ubao. Unaiambia mashine urefu wako, unakanyaga, na vipimo vinne vilivyomo ndani, kimoja kila pembe, vinakupima. Nilikuwa na sentimita 160 na kilo 86. Uwiano wa uzito na urefu, ile BMI, ukatoka 33.6, wakati ukivuka 30 tu tayari umeingia kwenye unene uliokithiri. Haikuishia hapo. Yule mwanasesere wa kwenye skrini anayekuwakilisha akavimba tumbo mbele ya macho yangu.

Nikasubiri kicheko.

Hakikuja. Sebuleni tulikuwa mimi, ubao, na feni. Ile mashine imenitukana vibaya kuliko fundi, lakini haikumwambia mtu. Nililia kidogo, nikajifuta kwa upindo wa khanga, nikabonyeza kuendelea. Mdogo wangu, kama utasoma sehemu moja tu ya makala hii, soma hiyo. Sikuwahi kushindwa na mazoezi. Nilishindwa na macho ya watu.

Wiki za mwanzo zilikuwa vichekesho. Ile kukimbia hapo hapo uliposimama haitumii ubao, unaweka rimoti mfukoni nayo inahesabu mtikisiko. Khanga haina mfuko, basi nikaifunga kwenye pindo kama fedha ya sokoni. Mwanangu wa pili akagundua kwamba unaweza kukaa kwenye kochi ukaitikisa kwa mkono na skrini ikakuona mwanariadha. Alinishinda siku nne mfululizo kabla sijamfuma. Kwenye gemu ya ngumi nikapuuza ile kamba ya mkononi, rimoti ikanichomoka kwa jasho ikaingia kwenye kabati la vyombo. Glasi tatu za mama mkwe. Baadaye ndiyo nikasoma kwamba Desemba 2006, mwezi mmoja tu baada ya Wii kuingia sokoni, Nintendo walianza kuwabadilishia wateja kamba kwa sababu zilikuwa zinakatika. Mama mkwe hakutaka kusikia habari za Nintendo.

Miezi ya katikati siisimulii, haina utamu. Nilipanda, nikashuka, nikatoka jasho, umeme ukakatika, ukarudi. Niliacha mwezi mzima wa Ramadhani, nikaongeza kilo tatu kwenye Idi. Nikaanza tena.

Ushauri wenyewe sasa, ingawa mwingi nimeshausema.

Usidanganyike na vimichezo vya kuchezesha kiuno na kuruka barafu. Vinafurahisha, lakini huoni jasho. Kwangu mimi kilichofanya kazi ni kukimbia, ngumi, na kupanda na kushuka ubao. Ile ya kupanda na kushuka ina raha yake: unaweza kuiondoa TV kwenye gemu ukaangalia taarifa ya habari ya saa mbili huku rimoti inakupigia mdundo wa hatua. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi napiga 35 kwa siku tano, inazidi kidogo. Ubao uweke juu ya marumaru, siyo kwenye zulia nene, na sakafu ifutwe, jasho la Dar la mwezi wa tatu linatelezesha kuliko sabuni. Mwisho wa ubao ni kilo 150. Kama una presha au magoti, mwone daktari kwanza.

Kama Wii hukuipata, kuna Just Dance Now, gemu ya kucheza muziki, simu yako ndiyo inakuwa rimoti, ila inakula bando. Kinect, kamera ya mashine ya gemu ya Xbox, haitaki hata rimoti, inakuona mwili mzima, lakini inataka usimame kama mita mbili kutoka kwenye TV, na sebule yangu ukirudi mita mbili umeshafika jikoni.

Na msinunue hizo chai za kukatia tumbo! Dada zangu, mnatoa laki nzima kwa mtu msiyemjua aliyeko kwenye simu, mnashinda chooni siku tatu, halafu mnasema hela ya gemu hatuna. Mume atakwambia hayo ni mambo ya watoto. Mwache aseme, wangu alisema pia, sasa ananigombania ubao. Mtaani wakicheka, funga mlango. Funga na pazia. Mlango wa nyumba yako hauna ada ya mwezi.

Leo nina kilo 74, uwiano 28.9. Mashine bado inasema nimezidi, na sijamaliza nayo.

Kile kitenge cha harusi ya wifi nilikipeleka kwa fundi yule yule. Akanizungusha tepu, akaitazama, akanizungusha tena. Kikabaki kipande, akanishonea kilemba, na hakunitoza. Benchi lilikuwa limejaa, hakuna aliyesema kitu.