Pointi 24 peke yake haitoshi

Mdogo wangu, umeuliza inakuwaje kijana aliyefunga pointi 24 kwenye mechi ya mpira wa kikapu Jumamosi pale Ngamiani akose tuzo ya mchezaji bora, akapewa mwenye 14. Nilikuwepo, daftari mapajani, nikiandika kila mtupo.

Wa 24 alirusha mara 26, zikaingia 9. Yaani mara 17 wenzake walikimbia uwanja mzima bure! Mitupo huru 10, akapata 6. Ribaundi, yaani mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa, 3, moja ya kushambulia (mtupo wa timu yake), pasi ya kikapu, ile inayozaa kikapu, 1, faulo 4, mipira aliyopoteza 5. Mwenzake alirusha 9, zikaingia 6, na mitupo huru yote 2. Ribaundi 9, nne za kushambulia, pasi za kikapu 6, akapora 2, faulo 2, akapoteza mpira mara moja tu.

Mimi hutumia kanuni ya John Hollinger, mchambuzi wa takwimu za kikapu wa Marekani, kumpa kila mchezaji alama moja ya mchezo wake. Anza na pointi. Ongeza 0.4 kwa kila kikapu cha mchezoni (si cha mtupo huru), toa 0.7 kwa kila jaribio la mchezoni, liingie lisiingie, na 0.4 kwa kila mtupo huru uliokoswa. Kisha ongeza: ribaundi ya kushambulia 0.7, ya kulinda 0.3, pasi ya kikapu au bloku (kuzuia mtupo wa mpinzani) 0.7, kupora 1. Toa 0.4 kwa kila faulo na 1 kwa kila mpira uliopotea.

Wa kwanza anapata 3.2, wa pili 18.8. Kumi ni mchezo wa kawaida. Michael Jordan, siku aliyofunga 69 dhidi ya Cleveland mwaka 1990, alifika 64.6.

Ila kanuni hii haimwoni beki anayembana mtu hadi arushe ovyo. Huyo mwandikie pembeni mwenyewe, kwa macho yako.