Msiombe jezi, ombeni uwanja: miaka sita yangu ya ukatibu wa timu

Juzi usiku nimeshafunga mlango nataka kulala, simu ikaingia ujumbe. Ametuma kijana wa Kengeja, kusini ya Pemba, ambaye hatujaonana hata siku moja. Kaandika hivi: "Assalaam alaykum kaka katibu. Timu yetu tumepeleka barua ya kuomba jezi wilayani mara tatu. Ya kwanza tukaambiwa tusubiri, ya pili tukaambiwa haionekani, ya tatu hatukuambiwa kitu. Nyinyi kwenu mlifanya nini mpaka mkaletewa greda?"

Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Barua ile naijua. Niliiandika mwenyewe miaka sita nyuma, tafauti ni jina la kijiji tu.

Nilimwahidi kumjibu kwa urefu, na kwa kuwa najua wako wengi wa aina yake, Unguja na Pemba, namjibia hapa. Wewe unayesoma, kama na wewe ni katibu, au mwenyekiti, au kocha asiyelipwa ambaye mkewe anamuuliza kila Jumamosi anafuata nini huko uwanjani, maneno haya ni yako pia.

Sisi tuko kaskazini ya Pemba. Kijiji sikitaji, wala ofisi nitakazozisema sitozitaja, kwa sababu bado nazihitaji. Tulikuwa wachezaji 23, tunacheza kila baada ya Alasiri, goli za miti ya mikarafuu iliyokufa. Siku moja tukakaa kitako chini ya mfenesi, nikateuliwa katibu kwa sababu moja tu: nilikuwa na mwandiko mzuri. Nikaandika barua. Mimi nilidhani barua nzuri ni ile inayoomba kila kitu, ili wakikunyima hiki wakupe kile. Basi tukaomba jezi seti mbili, mipira sita, njumu, nyavu za goli, filimbi ya refa, usafiri wa mechi za nje, uwanja, "na msaada wowote mwengine mtakaoona unafaa".

Nikaipeleka kwa mkono wangu. Aliyeipokea aliisoma nusu, akaiweka juu ya fungu la barua nyengine, akaweka na kijiwe juu yake zisipeperushwe na feni. Nikashukuru, nikatoka.

Nilirudi mara nne. Mara ya nne niliingia ndani kabisa, nikaiona barua yangu pale pale, chini ya kijiwe kile kile. Kona yake imeshageuka manjano. Mwandiko wangu mzuri wote ule, umekaa chini ya jiwe! Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa nauli nilikuwa nayo.

Halafu, kama mnavyojua mambo yetu, jezi zikaja zenyewe bila ya barua. Palikuwa na bonanza, kiongozi mmoja akaja, akatukabidhi jezi 14 na mipira miwili. Picha ikapigwa. Mgongoni jezi zina jina la mtu, tena kubwa kuliko namba. Hatukujali. Tuliimba njia nzima.

Sasa nipigie hesabu: jezi 14, wachezaji 23. Wiki ile ile ya kwanza wawili walikamatana mashati. Mmoja akasema hawezi kuvaa jezi yenye jasho la mwenzake, mwengine akasema kama hana jezi basi yeye si mchezaji, ni mtazamaji. Kipa wetu akawa anacheza na sweta la skuli la mdogo wake. Ukaja msimu wa karafuu, vijana wakaenda dago, yaani kambi za wachumaji huko mashambani, na jezi nne zikaenda nazo. Zilirudi mbili, na moja katika hizo ilikuwa imeshakuwa tambara la kupangusia honda. Mpira mmoja ulitobolewa na mwiba. Mwaka haujesha, timu ikagawika makundi mawili, na moja likajiita jina jengine. Nilijiuzulu ukatibu kwa ujumbe wa simu. Aibu hiyo naikubali, sikuwaita hata kikao.

Nilirudi kwa sababu ya mzee mmoja. Alikuwa afisa wa michezo zamani, sasa kastaafu, anauza chumvi na mafuta ya taa nyumbani kwake. Nilikwenda kununua chumvi nikaanza kulalamika juu ya serikali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mwanangu, huo uwanja mnaochezea ni wa nani?"

Nikamwambia ni wetu. Akacheka. "Wenu nani? Pale ni eka tatu ya marehemu fulani. Warithi wake saba, na mmoja kashaanza kupanda muhogo penye kibendera cha kona. Greda la serikali haliingii shamba la mtu. Likiingia leo, kesho mko mahkamani."

Kweli muhogo ule tulikuwa tukiuona, na tulikuwa tukiuruka tukipiga kona! Hatukuwahi kujiuliza maana yake. Na Ijumaa moja katika msimu, tumetoka msikitini tunakwenda kucheza mechi na wageni wameshafika, tulikuta uwanja mzima umetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa kutoka goli mpaka goli. Bibi mmoja mwenye fimbo amekaa katikati ya duara anafukuza kuku. Nani angemwambia bibi yule aondoshe karafuu zake ili watu wacheze mpira? Wageni walikunywa chai, wakarudi kwao.

Mzee yule ndiye aliyenifundisha mambo yanavyokwenda, nami nakupa kama nilivyopewa. Michezo si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake inayoshughulikia michezo, ina Baraza lake la Taifa la Michezo, na ina Mrajis wa kuandikisha vyama na vilabu. Kutoka juu huko mambo yanashuka kwenye mikoa 5 na wilaya 11, mpaka kwa afisa wa michezo wa wilaya yako. Huyu ndiye ofisi yako. Usimruke ukaenda kwa Waziri, utarudishwa kwake tu, na safari hiyo atakuwa amekasirika.

Na afisa huyu ana nini? Hapo ndipo tunapokosea sote. Tunadhani ana stoo ya jezi nyuma ya kiti. Niliyemkuta mimi alikuwa na honda, fomu, na daftari. Ukimuomba jezi, unamuomba na yeye akakuombee kwa watu wengine. Ukimuomba saini, barua ya utambulisho, akukutanishe na halmashauri, au aje akague kiwanja, hivyo anavyo na anaweza kukupa leo. Muombe mtu alichonacho.

Najua utaniambia: mbona fedha zipo? Uwanja wa Amaan, ule wa tangu 1970, umefanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena Disemba 2023, na Agosti 2025 tukaona mechi za CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, zinachezwa pale. Uwanja wa Gombani, hapa hapa Pemba, Januari 2025 tuliletewa Kombe la Mapinduzi na timu za taifa. Tulikwenda gari mbili zimejaa, Zanzibar Heroes ikaifunga Burkina Faso 2–1 kwenye fainali, na mimi nililia hadharani kama mtoto. Sina neno baya juu ya viwanja hivyo. Lakini mtoto wa kijijini kwangu hachezi Gombani. Yeye Gombani anakwenda kutazama.

Kuna msaada mwengine wa serikali ambao watu hawauhesabu, nao ni vikosi vya ulinzi na usalama vyenye timu zao za mpira. KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto: timu hizi ni za serikali, na mchezaji akichukuliwa huko anatazamia ajira na mshahara. Feisal Salum, Fei Toto, kapita JKU kabla hajavuka bahari. Kwa kijana wa kwetu, ndoto ni hiyo. Vijana wetu wawili wamechukuliwa na kikosi kimoja, na mmoja wao mimi ndiye niliyemfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, ushahidi upo, muulizeni mama yake. Tulipata nini sisi? Hata barua ya asante hatukupata. Nilikwenda kumtazama siku moja, nikasimama nje ya uzio. Basi, tuyaache hayo.

Ya uwanja yalikwenda hivi. Skuli yetu ina kiwanja, ila kilikuwa mteremko na mawe, na wanafunzi walikuwa wakichezea pembeni tu. Ardhi ya skuli haina warithi saba. Nikaenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo kijijini, sheha akanipeleka kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaitisha kamati ya skuli. Vikao vitatu. Vyote vilikuwa virefu na sivisimulii, isipokuwa jambo moja. Mwalimu mkuu alisema atakubali kwa sharti: Jumamosi na Jumanne kiwanja ni cha wasichana, cha netiboli, na wavulana wasionekane hata kivuli. Vijana wangu wakanuna. Na mimi nikanuna, kweli napasa niiseme. Nilimwambia mwalimu, "Siku mbili nzima?" Akaniambia, "Nyinyi mnazo tano, mnalia nini?"

Nikaandika barua ya pili. Safari hii mistari kumi na moja. Jambo moja tu: tunaomba kiwanja cha skuli kisawazishwe. Chini saini tatu: ya sheha, ya mwalimu mkuu, na yangu. Nyuma yake nikabana katiba ya timu, majina ya viongozi na nakala ya usajili, maana safari hii tulikuwa tumeshajisajili. Nikatoa nakala mbili, moja nikagongewa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Muhuri ule ndio dawa ya kijiwe. Mtu akikuambia barua haionekani, unamuonesha muhuri wake mwenyewe.

Greda lilikuja baada ya miezi mitano. Mafuta tuliambiwa tuchangie wenyewe, na hapo nilidhani tumekwama. Lakini ulikuwa msimu wa karafuu, na kila mchezaji alitoa ujira wa pishi nne alizochuma. Hata kundi lililojitenga lilitoa. Greda lilifanya kazi siku mbili. Siku ya pili jioni vumbi halijatua, watoto walikuwa wameshaingia ndani wanakimbia ovyo, bila mpira, wanakimbia tu.

Siku ya ufunguzi mke wangu alinipigia kanzu pasi. Nilikaa safu ya nne. Aliyesoma risala aliwashukuru viongozi, akawashukuru wahisani, akawashukuru "wadau wote". Nikangoja. Nilidhani labda katibu anatajwa mwisho. Ikaombwa dua, watu wakaondoka, na mimi nikabaki kusaidia kukusanya viti. Imeshapita miaka miwili na bado naikumbuka risala ile neno kwa neno.

Kwa hiyo vijana, nisikilizeni. Acheni kuomba jezi. Jezi inachanika na inagombanisha. Acheni kukaa maskani mnalaumu, huku hata usajili hamna. Jisajilini. Andikeni barua fupi. Ombeni jambo moja. Wekeni nakala. Ukipewa ahadi kwa mdomo, rudi nyumbani uiandike kama barua ya kushukuru, uipeleke, ugongewe muhuri: "tunashukuru kwa ahadi yako ya tarehe fulani". Utaona mtu anavyokumbuka. Tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi ya viungo, msilale. Viongozi wako barabarani wanatoka jasho kama nyinyi, na mtu mliyekimbia naye asubuhi hawezi kukwambia hakujui. Na wekeni nakala, nimeshasema?

Na wasichana msiwasahau. Mimi niliyenuna ndiye ninayesema. Timu yetu ya netiboli, ya siku mbili tu kwa wiki, ilifika fainali ya wilaya kabla yetu. Sisi mpaka leo tunatoka hatua ya makundi. Kocha wao ni mwalimu wa hesabu, hajui hata kupuliza filimbi vizuri, anapiga makofi.

Yule kijana wa Kengeja nilimjibu usiku ule ule, kabla sijaandika haya yote. Sikumpa ushauri wowote. Nilimuuliza tu: uwanja mnaochezea ni wa nani?

Asubuhi nikakuta kajibu. "Wa babu yake refa. Lakini babu mwenyewe kashafariki, na refa kagombana na ami zake."

Nimemwambia anipigie.