Printa nyepesi ya kubeba na laptopu
Kama shida ni uzito begani, chukua Epson WF-110: kilo 1.6 hivi, na betri imo ndani tayari. HP OfficeJet 200 na Canon TR150 zote zinapita kilo 2, tena betri ya Canon mara nyingi huuzwa kando, ulizia kabla hujalipa. Ipo pia Brother PocketJet. Bila betri haifiki hata nusu kilo na haitumii wino kabisa, ila inataka karatasi maalumu kama zile za risiti, na maandishi hufifia yakikaa juani. Risiti sawa, mkataba wa kutunza miaka hapana. Kwa zile tatu za kwanza angalia na bei ya wino, maana katriji zake ndogo huisha upesi.